Transfoma ya Ampli Ikiungua: Tafuta Kilichoiua Kabla ya Kufunga Nyingine

Transfoma ya umeme ndiyo sehemu nzito kuliko zote ndani ya amplifaya ya gitaa, na ikiachwa ifanye kazi yake hudumu kuliko zote. Haina kitu kinachosogea, haina maji ya ndani ya kukauka kama kapasita, wala filamenti ya kuchakaa kama valvu. Ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma, basi. Zipo ampli za miaka ya 1960 ambazo bado zinapigwa jukwaani zikiwa na transfoma zilizotoka nazo kiwandani.

Kwa hiyo ukiikuta imeungua, usiridhike kusema kwamba imezeeka. Kuna kilichoiua, na mara nyingi muuaji bado yumo ndani ya chesisi, au yuko kwenye soketi ya ukutani. Ukifunga mpya kabla ya kumpata, hiyo nayo itaungua, pengine siku hiyo hiyo.

Katika mwongozo huu tutatumia Fender Deluxe Reverb yenye mchoro wa AB763, ampli ya valvu ya wati 22 iliyotoka mwaka 1963. Mchoro wake unapatikana kwa urahisi, na ampli nyingi zilizokuja baadaye zimeiga saketi yake. Ukiielewa hii, nyingine hazitakusumbua. Ampli za transista nazo tutazigusa mbele.

Usalama kwanza

Ndani ya ampli ya valvu mna zaidi ya volti 400 za DC, na kapasita za kuchuja zinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kama hujawahi kupima umeme mkali kwa mita, soma mwongozo huu ili uweze kuzungumza na fundi wako kwa ufahamu, kisha mwachie yeye kazi.

Kama unao uzoefu, fanya hivi kila mara kabla ya kuingiza mkono:

1. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
2. Vua pete, saa ya chuma na mkufu. Awepo mtu karibu anayejua swichi kuu ya nyumba ilipo.
3. Chukua rezista ya kiloomu 10 yenye wati 5, iunge kwenye waya mbili zenye maganda mazuri na klipu za kung'ata. Bana klipu moja kwenye chesisi, ya pili iguse upande chanya wa kila kapasita ya kuchuja kwa sekunde kumi. Kwenye Deluxe Reverb kapasita hizo zimefichwa chini ya kifuniko cha bati, upande wa pili wa chesisi.
4. Pima kwa mita. Kama bado kuna zaidi ya volti 10, rudia.
5. Acha rezista ikiwa imebanwa muda wote unaofanya kazi, kwa sababu kapasita kubwa huweza kujirudishia sehemu ya chaji yenyewe. Ikumbuke na kuiondoa kabla ya kuwasha.

Usitoe chaji kwa kugusisha bisibisi. Cheche yake huharibu kapasita na huweza kukuunguza.

Ilitengenezewa umeme gani?

Kabla hujapima chochote, soma maandishi ya nyuma ya ampli. Umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni wa volti 230 hadi 240, kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni wa volti 120 kwa mizunguko 60. Ampli iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani, ikiandikwa 120V 60Hz, haiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu.

Ikichomekwa, kiini cha chuma kinashindwa kuubeba usumaku unaodaiwa, na mkondo kwenye koili ya praimari, ile inayopokea umeme wa ukutani, unapaa ghafla. Fyuzi sahihi itakatika mara moja, na huenda ikaokoa kila kitu. Lakini kama kuna mtu aliyewahi kuizungushia fyuzi karatasi ya sigara au kipande cha waya, kitakachokatika ni transfoma. Wakati huohuo filamenti za valvu zilizozoea volti 6.3 zitakuwa zimepata karibu mara mbili yake. Ampli iliyopatwa na ajali hiyo haihitaji transfoma peke yake: pima kila valvu na kila kapasita ya kuchuja kabla ya kuiamini tena.

Transfoma ya nje ya kupunguza volti, ile wanayoiita stepdauni, hutatua tatizo la volti bila kugusa lile la mizunguko. Transfoma iliyosanifiwa kwa mizunguko 60 tu, ikipewa volti ileile kwa mizunguko 50, kiini chake hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, na hupata joto zaidi. Ampli yenye maandishi 50/60Hz haina shida hiyo. Ile iliyoandikwa 60Hz tu inahitaji kuangaliwa joto lake, na ikiwa itabaki huku miaka mingi, kuifunga transfoma ya volti 240 na mizunguko 50 ni uamuzi wa busara hata kabla ya ile ya zamani kuungua.

Je, kweli ni transfoma?

Fyuzi inayokatika kila ukiwasha haithibitishi kwamba transfoma imekufa. Harufu ya vanishi iliyoungua ni ushahidi mzuri zaidi, lakini nao hautoshi. Unahitaji kutenganisha mambo, na chombo bora cha kazi hiyo utakitengeneza mwenyewe kwa bei ndogo: kishikio cha balbu kilichoungwa mfululizo kwenye waya wa moto wa kebo ya kuongezea umeme, ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri. Weka balbu ya zamani ya filamenti ya wati 60 au 100. Balbu za LED na zile za kubana matumizi hazifai hapa. Ampli ikiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zote na mkondo utazuiwa. Ikiwa salama, balbu itamulika kidogo kisha kufifia.

Sasa fuata utaratibu huu, ukichomoa plagi na kutoa chaji kati ya hatua na hatua:

1. Chomoa valvu zote, pamoja na ile ya rektifaya, GZ34. Weka fyuzi ya kipimo kilichoandikwa kwenye ampli. Washa kupitia balbu. Ikififia, transfoma pengine ni nzima na shoti iko mbele yake. Rudisha rektifaya peke yake, kisha valvu nyingine kundi kwa kundi, uone ni wapi balbu inawaka kwa nguvu.
2. Kama balbu inawaka kwa nguvu hata bila valvu, tenganisha waya zote za sekondari, yaani za upande wa kutokea, kutoka kwenye saketi na ufunike kila ncha peke yake. Washa tena. Ikififia sasa, kosa limo kwenye mojawapo ya saketi ulizozitenga. Zirudishe moja moja: filamenti, volti kali, bayasi.
3. Kama balbu inaendelea kuwaka kwa nguvu huku transfoma haijaungwa na chochote upande wa kutokea, hukumu imetoka. Mizunguko ya waya wa ndani imepiga shoti.

Mita ya omu husaidia, lakini ujue mipaka yake. Praimari husoma omu chache, pengine hadi ishirini hivi. Sekondari ya volti kali husoma makumi ya omu au zaidi ya mia, na nusu zake mbili hazilingani sawasawa, kwa kuwa nusu ya nje imezungushwa kwa waya mrefu zaidi. Tofauti hiyo ndogo si ugonjwa. Koili ya filamenti husoma chini ya omu moja. Mita itakuonyesha koili iliyokatika au iliyogusana na chuma. Mizunguko michache ya waya iliyogusana yenyewe kwa yenyewe haitaiona, na ndiyo maana tunatumia balbu.

Praimari ikisoma kwamba imekatika kabisa, usiitupe transfoma bado. Nyingi za miaka ya karibuni zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya karatasi ya nje ya koili. Ifungue karatasi hiyo taratibu utazame. Ikiwa fyuzi hiyo ndiyo iliyokatika, weka nyingine ya nyuzijoto zilezile, na usiiruke kwa kuunga waya moja kwa moja. Kisha tafuta kilicholeta joto hilo.

Wauaji na maficho yao

Ukishathibitisha kwamba transfoma imekufa, usikimbilie kununua. Kagua haya:

*Rektifaya.* Valvu ya GZ34 iliyopiga shoti, au dayodi moja iliyotoboka, huifanya sekondari nzima ijizungukie yenyewe. Dayodi hupimwa kwa mita kwa dakika moja. Valvu ya rektifaya yenye mashaka, ibadilishe.

*Kapasita za kuchuja.* Zilizovimba, zilizovuja au zenye umri wa miaka 30 zibadilishwe zote kwa pamoja. Weka za volti 500, kwa sababu volti 330 za AC hupanda hadi karibu 467 za DC wakati valvu hazijaanza kunywa mkondo.

*Valvu za nguvu na bayasi yake.* Bayasi, yaani volti hasi inayozuia mkondo wa valvu, ikipotea, valvu ya nguvu ya 6V6 hunywa mkondo bila kizuizi mpaka bati lake la ndani liwe jekundu. Kapasita ndogo ya bayasi iliyokauka ni chanzo cha kawaida cha balaa hili. Kuibadilisha ni gharama ndogo.

*Taa ya mbele.* Kishikio cha taa ndogo ya kuonyesha kwamba ampli inawaka kimeungwa na volti 6.3 za filamenti. Kikipinda kikagusa chesisi, koili ya filamenti inapiga shoti. Ni kakosa kadogo kanakopitiwa na macho ya wengi.

*Soketi za valvu.* Alama nyeusi ya kuungua kati ya pini mbili huwa njia ya umeme. Soketi ya namna hiyo haisafishwi, hubadilishwa.

*Umeme wa nje.* Jenereta ya harusini isiyotulia, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, huumiza koili kidogo kidogo. Umeme ukikatika katikati ya shoo, zima ampli na chomoa plagi. Subiri dakika chache baada ya taa kurudi.

Kuchagua mbadala

Kanuni ni fupi: volti zilingane, ampea ziwe sawa au zaidi. Transfoma yenye uwezo wa ampea nyingi kuliko inavyohitajika haidhuru chochote, kwa kuwa saketi huchukua kiasi inachotaka. Yenye volti nyingi huua valvu na kapasita. Tofauti ya asilimia 5 ya volti inavumilika.

Chukua mfano wetu. Deluxe Reverb ina valvu mbili za 6V6, kila moja ikitaka ampea 0.45 kwenye filamenti, na valvu sita ndogo za jamii ya 12AX7 na 12AT7, kila moja ikitaka ampea 0.3. Jumla ni ampea 2.7. Ongeza 0.15 ya taa ya mbele, unapata 2.85. Tafuta koili ya volti 6.3 yenye angalau ampea 3.5, ili isifanye kazi ikiwa kwenye ukingo wa uwezo wake. GZ34 ina koili yake ya volti 5, na inataka ampea 1.9. Koili ya volti kali ni 330-0-330, yaani volti 660 kutoka ncha hadi ncha, ikiwa na tapu ya katikati. Baada ya rektifaya na mzigo wa valvu, mchoro unaonyesha volti 415 za DC.

Kuna waya mmoja unaosahaulika: tapu ya bayasi, kwa kawaida mwekundu wenye mstari wa buluu. Transfoma isiyo nayo haitazipa valvu za nguvu bayasi hasi, na zitaungua kwa dakika chache. Hakikisha ipo kabla ya kulipa.

Upande wa praimari, chagua ya volti 230 au 240 kwa mizunguko 50. Kampuni kama Hammond ya Kanada hutengeneza mbadala za ampli za Fender na Marshall, na baadhi zina praimari inayokubali umeme wa nchi mbalimbali. Mwisho pima umbo: umbali kati ya matundu ya bolti, ukubwa wa dirisha lililokatwa kwenye chesisi, na kimo. Vipimo vya umeme vikikubali na matundu yakakataa, utatumia siku nzima kwa tupa na drili.

Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, utapata fyuzi, dayodi, rezista na kapasita. Transfoma ya valvu huenda ukalazimika kuiagiza nje au kuiwaindi.

Kuwaindi upya

Mafundi wa kuwaindi mota wanaweza kuifanya kazi hii vizuri, mradi uwape maelezo kamili. Mpe fundi volti na ampea za kila koili, mwambie mizunguko ya umeme ni 50 kwa sekunde, na umwombe ahesabu mizunguko ya waya anapoifungua koili ya zamani. Ukitaka kukagua hesabu zake, gawanya 45 kwa eneo la kiini kwa sentimita za mraba. Jibu ni idadi ya mizunguko inayofaa kwa kila volti. Kiini cha sentimita za mraba 12 kinataka mizunguko 3.75 kwa volti, hivyo praimari ya volti 230 itakuwa na mizunguko kama 860. Akikuambia ameweka 400 kwenye kiini hicho, usiichukue.

Sisitiza mambo matatu: karatasi ya kutenganisha kati ya kila tabaka, kinga nene zaidi kati ya praimari na volti kali, na vanishi iliyokaushwa kwa joto. Transfoma iliyowaindiwa upya ipimwe kwa mega (mita ya kupima kinga) ya volti 1000 kati ya koili na koili, na kati ya koili na chuma. Asiye na mega asipewe kazi hii.

Kung'oa na kufunga

Piga picha nyingi kabla ya kukata chochote, kisha chora kwa mkono kila waya unapoanzia na unapoishia. Kwa rangi za Marekani, nyeusi ni praimari, nyekundu mbili ni volti kali, nyekundu yenye njano ni tapu ya katikati, kijani mbili ni filamenti, na njano mbili ni za rektifaya. Transfoma ya kutolea sauti nayo ina waya mwekundu, hivyo fuata waya hadi kwenye mzizi wake badala ya kuamini rangi peke yake. Na kwa transfoma mpya, karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho.

Fender waliunga tapu za katikati moja kwa moja kwenye chuma cha chesisi. Pasi ndogo ya kulehemu haitayeyusha risasi hiyo. Tumia ya wati 100 au zaidi. Legeza nati huku umeishikilia transfoma kwa chini, maana ina kilo kadhaa na ikianguka itavunja valvu.

Ifunge mpya ikielekea upande uleule wa ya zamani. Mwelekeo wa kiini ulichaguliwa ili usumaku wake usiingie kwenye transfoma ya kutolea sauti. Ukiugeuza utapata mvumo usioondoka. Waya zipite kwenye mpira ulio kwenye tundu la chesisi, zisikwaruzwe na chuma. Zisokote waya mbili za kijani kwa kukaza na uzilaze kwenye kona ya chesisi, mbali na waya za gitaa. Kama filamenti ya transfoma mpya haina tapu ya katikati, weka rezista mbili za omu 100, kutoka kila waya wa kijani hadi chesisi.

Praimari yenye koili mbili za volti 120 huungwa mfululizo kwa umeme wa volti 240. Mpangilio wake ni lazima ufuate karatasi ya mtengenezaji, kwa kuwa ukigeuza koili moja, zitapingana na mkondo utapaa kama wa shoti. Waya zisizotumika zifunikwe kila moja peke yake kwa mrija unaosinyaa kwa joto. Tepu ya umeme huachia ikipata moto.

Tumia nafasi hii kurekebisha njia ya umeme wa kuingia. Waya wa moto uende kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, kisha praimari. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bolti yake mwenyewe, kwa washa yenye meno, wala usishiriki bolti ya transfoma. Kama ampli ni ya zamani yenye plagi ya pini mbili, weka kebo ya waya tatu na uiondoe ile kapasita inayounganisha njia ya umeme na chesisi. Ikipiga shoti, chesisi na nyuzi za gitaa hupata umeme, na mwimbaji akigusa maikrofoni kwa midomo anarushwa.

Fyuzi nayo ibadilike. Ampli iliyotoka volti 120 kwenda 240 hunywa nusu ya mkondo, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 inakuwa ya ampea 1, ya aina inayochelewa kukatika, yenye herufi T. Kagua na fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu. Nyingi huja na ya ampea 13, inayoruhusu zaidi ya wati 3,000 zipite. Weka ya ampea 3. Ukitaka kinga zaidi, ongeza fyuzi kwenye kila waya mwekundu wa volti kali, ya miliampea 250 hadi 500 na inayohimili volti 500.

Kuwasha mara ya kwanza

Unganisha spika kabla ya yote. Ampli ya valvu ikipigwa bila spika huweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti, na hapo utakuwa umebadilishana hasara.

Washa kupitia balbu, bila valvu yoyote. Ikififia, ondoa balbu kwenye njia na upime AC: filamenti zitasoma karibu volti 7 bila mzigo, na volti kali zitazidi 660 kidogo. Pima na bayasi kwenye soketi za 6V6. Ni lazima iwe hasi. Ikikosekana, simama hapo.

Zima, toa chaji, weka valvu zote, washa tena kupitia balbu, kisha bila balbu. Filamenti sasa zisome kati ya volti 5.7 na 6.9, ambayo ni asilimia 10 juu na chini ya 6.3. Rekebisha bayasi: zidisha wati 12 za 6V6 kwa 0.7, unapata wati 8.4, gawanya kwa volti 415, unapata miliampea 20 kwa kila valvu. Rezista ya omu 1 kati ya kathodi na chesisi hurahisisha kipimo, kwa kuwa kila milivolti moja ni miliampea moja.

Iache iwake saa nzima huku ukiwa karibu. Kisha chomoa plagi na uguse transfoma kwa nje. Kuwa ya moto ni kawaida. Kama huwezi kuuacha mkono juu yake kwa sekunde chache, kuna mzigo uliozidi, na kazi haijaisha.

Kwa wenye ampli za transista

Utaratibu ni uleule, ila volti ni ndogo na ampea ni nyingi. Transfoma ya 28-0-28 hutoa takribani volti 39 chanya na 39 hasi baada ya dayodi. Ukiweka ya 35-0-35 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, utapata karibu 49 kila upande. Kapasita za volti 50 zitakuwa ukingoni na transista za nguvu huenda zisimalize wimbo wa kwanza. Muuaji wa kawaida hapa ni transista ya nguvu iliyopiga shoti, au daraja la dayodi.

Transfoma ya mviringo, yenye umbo la bangili, hufungwa kwa bolti moja ya katikati. Bolti hiyo iguse chesisi upande mmoja tu. Ikigusa chuma juu na chini, bolti na chesisi vinakuwa mzunguko mmoja uliopiga shoti kuzunguka kiini, na transfoma mpya itaungua ingawa hukukosea waya hata mmoja.

Iandike

Kabla ya kufunga chesisi, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike ndani yake: volti za praimari, kipimo cha fyuzi, mkondo wa bayasi na tarehe. Nje, bandika maandishi makubwa ya volti 240 juu ya yale ya 120, ili asitokee mtu wa kuichomeka tena kwenye stepdauni. Kisha nunua fyuzi tano za akiba za kipimo sahihi na uzibandike ndani ya kabati la ampli. Anayekosa fyuzi usiku wa shoo ndiye anayezungusha karatasi ya sigara, na hapo ndipo transfoma nyingi hufia.